Pale Mkono wa Fundi Uliposhika

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama yake Dodosa alitoka uani akiwa na ufunguo wa pikipiki mkononi. Alikuwa mkunga. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia akina mama waliojifungua, nyumba kwa nyumba, kuwatazama wao na vichanga vyao. Zahanati ilimpa pikipiki kwa kazi hiyo, naye aliitunza kuliko viatu vyake vya kutokea.

Asubuhi hiyo Dodosa alikuwa anafagia ua aliposikia mama anaguna. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelegea tena.

"Dodosa, umeugusa huu mpira?"

"Sijaugusa, mama."

Mama alichukua pampu akaanza kujaza upepo, kitambaa cha kichwa kikimfunguka, na kila alipoikandamiza ile pampu Dodosa aliona kama anakandamizwa yeye.

"Mtoto kasema hajagusa," bibi yake Dodosa akasema kutoka mlangoni.

"Basi labda mpira umejigusa wenyewe," mama akajibu, akawasha pikipiki na kuondoka amechelewa.

Ukweli usemwe: Dodosa hakushukiwa bila sababu. Likizo iliyopita alibonyeza kile kijipini cha katikati ya valvu, yaani kile kimdomo kinachopitisha upepo kuingia ndani ya mpira, ili tu asikie unavyopiga mluzi. Mluzi ukamnogea, akaendelea mpaka gurudumu likakaa chini kabisa. Mama alipouliza, alisema ukweli, akaadhibiwa, yakaisha. Au alidhani yameisha. Hata jina la Dodosa alipewa na bibi yake kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kukidodosa, iwe saa ya ukutani, redio au kufuli ya kabati. Upepo ukitoweka katika nyumba yenye mtoto kama huyo, macho yatamwendea nani mwingine?

Na sasa upepo ulikuwa unatoweka pole pole. Jioni mpira ulikuwa mgumu, asubuhi umelegea. Mama aliupeleka kwa fundi, fundi akaupima na kusema hauna tundu lolote. "Mtafuteni mtundu huko huko nyumbani," alisema huku akicheka. Yeye alifanya mzaha, lakini mama aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo Dodosa alikuwa akisema "sijagusa", na mama alikuwa akiangalia pembeni. Afadhali angepigiwa kelele.

Jumamosi waliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, mama akishika usukani na Dodosa akisukuma kwa nyuma. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kando ya barabara, na mbele yake madereva wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya tairi kuukuu wakisubiri abiria. Watu walimwita Fundi Koleo, kwa sababu koleo lake halikubanduka mfukoni hata siku ya harusi yake.

"Shikamoo, Fundi," Dodosa akaamkia.

"Marahaba. Mtundu wetu hajambo?"

Madereva wakacheka. Dodosa alitazama chini.

Fundi alikuwa mtu mwema, tena mwepesi wa kazi. Alifungua gurudumu, akalibandua tairi kwa vyuma vyake viwili, akautoa mpira wa ndani na kuujaza upepo mpaka ukanona. Kisha akavuta beseni la maji, akauzamisha upande wa mbali, akauzamisha kulia, akauzamisha kushoto. Kama kungekuwa na tundu, mapovu yangetoka. Hayakutoka.

"Nilisemaje, Mama Mkunga? Mpira mzima huu."

Mama akashusha pumzi na kumgeukia binti yake. Lakini Dodosa hakuwa anatazama maji. Alikuwa anatazama mkono wa Fundi, ule wa kushoto, mweusi kwa grisi. Mkono huo ulikuwa umeshika penye valvu, kama mtu anavyoshika sufuria kwenye mpini, na muda wote haukuhama hapo.

Mtoto kumwambia fundi kazi yake, mbele ya watu, tena mama naye amekasirika! Dodosa akajikaza kisabuni.

"Samahani, Fundi. Naomba ushike upande mwingine."

"Wa nini?"

"Hapo ulipopashika hapajaingia majini."

Fundi akatabasamu. "Mwanangu, mimi nashika hapa tangu hujazaliwa. Mafundi wote hushika hapa."

"Ndiyo, Fundi. Kwa hiyo hapajawahi kutazamwa."

Madereva wa bodaboda wakageuka kutazama. "Dodosa," mama akasema kwa sauti ya chini, "adabu."

"Mama, tukipatazama na pasiwe na kitu, nitakubali adhabu yoyote. Lakini tupatazame kwanza."

Macho hakuyaondoa usoni kwa mama. Mama akamtazama sana, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Kisha akamwambia Fundi, "Hebu mgeuzie."

Fundi akaugeuza mpira, akaushika upande wa pili, akaizamisha valvu majini. Hakuna kitu. Alipotaka kuuinua, Dodosa akasema, "Bado, Fundi. Mpira hauishi upepo mara moja, unalegea usiku kucha. Tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Maji ya beseni yakatulia, mpaka bati la kibanda likaonekana ndani yake. Ndipo kiputo kimoja, kidogo kama punje ya ulezi, kikajitokeza kwenye mdomo wa valvu. Kikanenepa taratibu, kikapanda juu, kikapasuka. Kikafuata kingine.

Fundi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kulowa. "Kumbe," akasema pole pole, "mwizi nilikuwa nimemshika mwenyewe mkononi."

Akachomoa koleo lake, akakifungua kile kijipini cha ndani na kuwaonyesha kipete chake cha mpira, kidogo kuliko mbegu ya nyanya, kimechakaa na kupasuka kwa uzee. Akaweka kijipini kipya, akaizamisha valvu tena. Safari hii walisubiri mpaka dereva mmoja akaanza kupiga miayo. Maji hayakutikisika.

Dodosa aliruka kwa furaha. Fundi akasimama, akampa mkono wake wenye grisi kama anavyompa mtu mzima, akawageukia madereva. "Mmeshuhudia. Kuanzia leo naanza na valvu. Na huyu si mtundu tena, huyu ni mkaguzi." Wakampigia makofi, na mmoja akampigia honi.

Njiani mama alisimamisha pikipiki kivulini, akavua kofia ngumu.

"Nisamehe, mwanangu. Uliniambia ukweli nami sikuusikia. Fundi alipaziba pale penye kasoro kwa mkono wake, mimi nikajiziba macho kwa kosa lako la zamani. Kila asubuhi nilikuwa nashika pale pale." Akamfuta grisi kiganjani kwa ncha ya kanga. "Na wewe ulifanya vizuri. Hukununa ukaishia hapo, wala hukumvunjia Fundi heshima. Ulisema kweli, kisha ukaitafutia ushahidi kwa subira. Shika hivyo hivyo. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tutazame kila mahali, hata pale tunapodhani tunapajua."

Dodosa alimkumbatia mama kwa nguvu.

Jumatatu, chai haijachemka, mama alitoka na ufunguo wake. Dodosa alikuwa ameshafagia ua.

"Dodosa, umeugusa huu mpira?"

"Nimeugusa, mama. Mgumu kama jiwe."

"Haya," mama akasema. Akapanda, akawasha, akaondoka bila kuinama kuutazama.