Mpasha Misuli wa Ligi ya Vivuli

"Katika zamu yangu," Osmund Komba alipenda kutamba, "hakuna mgeni aliyewahi kubisha hodi Ligi ya Vivuli akaachwa nje. Hata paka wangu akibisha, namtafutia namba ya jezi."

Maneno hayo aliyarudia Jumamosi ile saa tisa alasiri, kifua mbele, mbele ya watu elfu sita waliojaa jukwaani. Jukwaa lenyewe halikuwa na tofali hata moja. Lilikuwa ndani ya mtambo, na mtambo ulikuwa umechimbiwa chini ya milima ya Matogoro, unapoozwa kwa maji ya chemchemi. Lakini ukikaa pale ungeapa kwamba unasikia harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi.

Lango la Wageni lilikuwa kazini. Huko nje, katika sebule za Songea, Kigoma, Lindi, hadi kituo cha utafiti mwezini, watu walikuwa wameketi na kofia-fahamu vichwani: kofia nyepesi kama ya kuogea, yenye nyuzi zinazosoma mapigo ya moyo, pumzi, woga na ukaidi wa mvaaji. Mtambo uliyachukua hayo yote, ukayakanda kama unga wa chapati, na kwenye ukungu wa lango akatokea mchezaji mzima mwenye miguu na macho. Huyo ndiye aliyeitwa kivuli. Kivuli hakichezeshwi kwa vidole kama michezo ya zamani. Mwenye kofia hukifundisha, hukishauri, hukigombeza, halafu mechi ikianza hukaa jukwaani aone kinavyocheza kwa tabia alizokirithisha. Mwoga huzaa beki mwoga. Mchoyo huzaa mshambuliaji asiyejua maana ya pasi.

Osmund, kijana wa miaka ishirini na minne, ndiye aliyekuwa mpokezi wa wageni. Siku za kazi alitengeneza roboti za kuvuna mahindi, viumbe visivyocheka hata uvitekenye, kwa hiyo utani wake wote aliubana hadi Jumamosi.

"Mwalimu Lazaro wa Kigoma, karibu!" aliita. "Mbona kivuli chako kina kitambi?"

"Mtambo umeusoma moyo wangu, kijana," mzee akajibu. "Moyo wangu una kitambi."

Jukwaa likaangua kicheko. Osmund akanyoosha kidole pembeni mwa uwanja, akasema maneno ambayo kila mgeni huambiwa: "Basi pasha misuli kwanza. Nitakuita."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Waasisi wa ligi waliweka sharti kwamba kivuli hakipewi jezi mpaka mwenyeji akiite kwa jina mara tatu, ili mtu asiingie na kutoka kama upepo, hakuna aliyemjua. Utani wa kumpashisha mgeni misuli uliongezwa baadaye, na aliyeuongeza ni Osmund mwenyewe. Mgeni huruka, hukimbiza magoti, jukwaa humzomea kwa mapenzi, na baada ya dakika kumi huitwa na kushangiliwa. Mtambo nao ulizoea: sauti iliyosema "nitakuita" ndiyo pekee iliyoweza kumwita mgeni huyo.

Mwalimu Lazaro aliruka dakika zake kumi na kitambi chake, akaitwa mara tatu, akapewa jezi namba arobaini.

Mgeni wa mwisho alikuwa mwanamke. Mtambo ulikuwa umejitahidi kumvisha bukta, ukashindwa. Kivuli chake kilitoka langoni kimejifunga kitenge, mikono imekunjwa kifuani.

"Dada, hapa ni mpirani, si kwenye harusi," Osmund alisema. Watu wakacheka. Mwanamke hakucheka.

"Yule ni nani?" aliuliza.

Hakuwa na haja ya kuonyesha. Kila mgeni aliuliza swali hilo. Upande wa kushoto wa uwanja, karibu na kibendera cha kona, kivuli kimoja kilikuwa kinapasha misuli. Hakikuwa na namba, na uso wake ulikuwa laini kama jiwe la mtoni, maana mtambo humfuta sura mgeni akikesha bila kuitwa, hadi aitwe. Kiliinua goti la kulia, goti la kushoto, kikajinyoosha, kikaanza upya. Kilikuwa pale misimu minne. Mvua ikinyesha uwanjani, kilipasha. Mapumzikoni, uwanja ukiwa mtupu, viatu vyake vilisikika hadi jukwaa la juu, tap, tap, tap, na wenyeji wengine walivua kofia zao upesi kwa sababu ya mlio huo. Mabeki wa kushoto walikataa kurusha mpira upande ule. Walimwita Mpasha.

Osmund alikuwa na jibu lake tayari. "Huyo ni mzimu wa mchezaji wa akiba. Ukimkodolea macho sana, kocha anakuweka benchi maisha!"

Alisema hivyo bila kugeuza shingo. Na hapo mtu makini angeshtuka, kwa sababu Osmund, aliyekuwa na macho ya kuona kila kitambi na kila kiatu kisichofungwa, hakuwa ameutazama upande wa kushoto tangu msimu ule wa kwanza.

"Si mzimu," mwanamke alisema. "Ni kaka yangu."

Watu wa jukwaani wakainama mbele wasikie, safu moja baada ya nyingine.

"Naitwa Edigna Ngonyani, natoka Mbinga. Kaka yangu aliitwa Kastori. Alikuwa na ugonjwa wa misuli. Miaka sita alilala chali, hawezi kuinua hata kidole, mimi ndiye niliyemgeuza ubavu. Kisha akapata hii kofia." Aligusa kichwa chake. "Ikampa miguu. Siku ya kwanza aliniambia, 'Edigna, naruka!' Machozi yanamtoka, mimi ndiye namfuta. Nikamuuliza, lini utacheza? Akasema mpokezi kamwambia apashe kwanza, ataitwa. Nikamwambia, mbona wanakuchelewesha? Akasema, 'Wewe hujui. Hawa wakikutania, ujue wamekupenda.'"

"Dada Edigna," Osmund alianza, sauti yake ikiwa nyembamba ghafla, "wahandisi walishasema yule ni hitilafu tu ya..."

"Alipasha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alikata roho, kofia ikiwa kichwani. Niliifungia sandukuni na nguo zake. Wiki iliyopita ndipo nilipojikaza, nikaivaa. Bado ilikuwa na maneno yale yale mbele ya macho: Pasha misuli. Utaitwa."

Kule kushoto viatu viliendelea, tap, tap, tap.

Mwalimu Lazaro, na jezi yake mpya, ndiye aliyeuliza, "Sasa akiitwa leo, itakuwaje?"

Osmund alilijua jibu. Ndiyo kazi yake. "Kivuli cha marehemu kikiitwa, hucheza mechi moja. Filimbi ya mwisho ikilia, mtambo hukipumzisha."

"Na kisipoitwa?"

Wote walikuwa wanatazama jibu likiinua magoti.

Edigna akasogea hadi mbele yake. "Wanakuita mtani wa ligi nzima, nimesikia. Basi utani naujua. Mtani akija msibani hucheka, huiga marehemu alivyotembea, hata akalala kaburini akagoma kutoka, na hakuna anayemkemea. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kumzika. Wewe umecheka miaka minne, Komba. Jembe liko wapi?"

Kwa mara ya kwanza Osmund alitafuta mzaha akakuta mfuko mtupu. Alitembea kuelekea kushoto. Kutoka langoni hadi kibendera cha kona ni hatua sitini. Watu walisema baadaye kwamba alitumia muda wa kuchemsha maharage. Alipofika, akasimama karibu kabisa na ule uso laini.

"Kastori Ngonyani," alisema.

Viatu vikanyamaza. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba mlio ule ulikuwa ndani ya masikio yao siku zote.

"Kastori Ngonyani."

Uso ukaanza kuja: nyusi, pua pana, kovu dogo kidevuni. Edigna alijishika mdomo.

"Kastori Ngonyani. Ingia."

Kivuli kilimtazama Osmund kwa uchangamfu wa mgeni aliyekuja jana. "Jasho linatosha?" kikauliza.

"Linatosha," Osmund alisema kwa sauti ya chini.

Jezi ikamvaa Kastori, na mechi ikapigwa. Hakuna mchezaji katika historia ya mchezo aliyewahi kuingia uwanjani akiwa amepasha misuli kama yule. Hakufunga bao. Pasi zake nyingi zilikwenda kwa wapinzani, maana hakuwa amewahi kucheza na mtu. Lakini alikimbia. Aliufuata hata mpira uliokwisha toka, alikimbia bila sababu, alikimbia kama mtu anayelipwa kwa hatua. Dakika ya themanini alirusha mpira kutoka upande ule ule wa kushoto, na watu elfu sita wakasimama kumshangilia kwa mpira wa kurusha. Akainua mkono mzima juu kuwapungia, akautazama huo mkono, akaupunga tena.

Filimbi ya mwisho ikalia. Kastori akaanza kukonda kama moshi wa jikoni, kuanzia miguuni, na alikuwa bado anacheka.

Kastori alipokwisha toweka, Osmund alipanda kwenye jiwe la wapokezi, pale langoni. Machozi yalikuwa ya kweli, hilo tusimnyime.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilikuwa natamba kwamba hakuna aliyeachwa nje. Nilikosa. Siku aliyokuja Kastori ilikuwa siku ya fainali. Nilimwambia apashe, watu wakanibeba juu juu kushangilia kombe, na mimi nikamsahau. Nilimsahau kabisa. Dada Edigna, nisamehe. Ni usahaulifu wa binadamu."

"Pole, Komba," mtu akasema. "Binadamu husahau," akasema mwingine. Mwalimu Lazaro akamshika bega. Makofi yakaanza huku na huku, makofi ya upole, na mabega ya Osmund yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

Edigna alisubiri mpaka makofi yaishe.

"Kofia ya Kastori ilikuwa na kipaza sauti kidogo upande wa sikio," alisema. "Siku ya pili niliomba kiwekwe, ili nami nisikie anachosikia, nisiwe najiongelesha chumbani peke yangu. Kwa hiyo nilikuwepo. Siku ya nne ulikuja pale kwenye kona na wenzako watatu. Kastori alikuuliza, 'Jasho linatosha, kaka?' Ukamjibu, 'Bado, ongeza.' Wenzako wakacheka. Na yeye akacheka."

Mkono wa Mwalimu Lazaro ukatoka begani kwa Osmund.

"Siku ya tisa ulikuja peke yako," Edigna akasema. "Niambie ulisema nini siku ya tisa, au niseme mimi."