Kipande Chembamba cha Kujaribia

Kila nikitoka shule nilipitia karakana ya shangazi, nikavaa aproni iliyonifika miguuni, nikaanza kazi. Shangazi alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba na bati. Aliniita Kiherehere, na jina lilinikaa sawasawa.

Kalibu zake za kumiminia metali zilisimama juu ya bamba la chuma lililopozwa kwa maji, ili metali igande kuanzia chini na fuwele zake, yaani zile punje unazoziona ukiivunja, ziote wima kama majani. Kila alipomimina kifaa, mimi nilimimina kipande cha kujaribia chenye unene uleule. Kikipoa, tulikivunja tukague fuwele; zikinyooka, tulijua kifaa ni imara.

Siku hiyo alimimina shafti nene ya pampu ya maji ya hospitali. Kipande chake kingepoa jioni, na wenzangu walikuwa wananisubiri turuke kamba. Nikamimina chembamba kama penseli. Kikapoa chapuchapu, nikakivunja. Fuwele zilinyooka, safi kabisa!

"Vipi, Kiherehere?" shangazi aliuliza, ameinamia tanuri.

"Safi, shangazi. Zimenyooka."

"Unene uleule?"

"Ndiyo," nikajibu, huyoo, mbio.

Siku ya tatu shafti ilikatika. Hospitali nzima ikakosa maji. Fundi wa pampu aliitupa shafti mlangoni kwetu bila salamu, na pale ilipokatika fuwele zilikuwa zimelala ovyo, huku na kule.

"Miaka kumi na minane ya kazi hii," shangazi alisema, ameketi sakafuni. "Sijui nimekosea wapi."

Akakagua tanuri, akakagua bamba, akaitazama hata mikono yake. Roho ilinisuta, nikamweleza yote.

Hakunichapa. Heri angenichapa. Tuliiyeyusha shafti ileile, tukaongeza maji ya kupoza, na safari hii nilikilinda kipande kinene mpaka kikapoa. Fuwele zilisimama, na pampu ikafanya kazi. Lakini fundi wa pampu alisema hatarudi tena, na wateja wengine walikuwa wameshasikia. Mwezi haukuisha, tanuri likazimwa kabisa.

"Kile kipande kilinidanganya, shangazi," nililia siku ya kufunga.

"Hakikudanganya," alisema, akiikunja aproni yangu. "Katika kalibu nyembamba, metali iliyoyeyuka haina nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo fuwele zinanyooka. Katika kalibu nene inajikoroga, inazipindua. Kipande chembamba kilisema kweli juu ya kitu chembamba. Wewe ndiye uliyekilisha maneno."

Akanikabidhi aproni.

"Ukiulizwa tena, popote utakapokuwa, sema ulichokipima tu."