Ruhusa Ambayo Marleny Hakuiomba

Jirani zangu, wengi wenu mlikuwa mkipita nyumbani kwa Bi Fidelina asubuhi za Jumamosi. Mlimkuta jikoni akikoroga chokoleti, na bintiye Marleny kando yake kwenye kiti cha magurudumu, akilishwa chungwa kipande kwa kipande. Marleny ana miaka thelathini na minane. Hasemi, na mikono yake haimtii. Akikubali hutazama juu. Akikataa hutazama mlango. Hilo tulilijua sote, hata watoto.

Dada yake mkubwa, Amparo, ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani na kumkata kucha polepole asimuumize. Mimi niliona. Lakini tukiingia, tulimsalimu nani kwanza? Marleny. Tulimsifu nani? Mama yao. Amparo tulimwomba kikombe tu.

Wivu ukaanza kumla. Siku moja, mama alipokuwa akimsuka Marleny, Amparo alisema, "Malkia asukwe. Punda atajisuka mwenyewe." Tukacheka, tukaendelea kunywa chokoleti.

Mwezi wa Mei Marleny akashikwa na nimonia. Bi Fidelina alikuwa hawezi kutembea kwa maumivu ya nyonga, basi Amparo akaenda naye hospitali. Daktari wa zamu akauliza: akizidiwa, awekewe mashine ya kupumulia? Amparo akajibu kwamba mdogo wake ameteseka tangu azaliwe, aachwe apumzike. Daktari hakugeuka hata kumtazama mgonjwa. Akajaza fomu, na Amparo akatia sahihi.

Kisha akatuletea habari kwamba Marleny anatuaga. Desturi yetu mnaijua: mtu akikaribia kukata roho, tunaingia mmoja mmoja, tunamshika mkono na kumpa ruhusa aende, asihangaike kwa ajili yetu. Tukapanga foleni nje ya wodi. Bwana Evelio mwokaji mikate akampa ruhusa. Mama yake wa ubatizo akampa. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda. Hata mimi niliingia na ruhusa yangu mdomoni.

Nilipomshika mkono, ulikuwa wa moto. Macho yake yalikuwa mlangoni, hayabanduki. Nikaiacha ruhusa, nikamwuliza.

"Marleny, mwanangu, unataka kwenda?"

Mlango.

"Unataka mashine?"

Akatazama juu, akabaki hivyo hivyo, mpaka machozi yakamtiririka masikioni.

Nikamtafuta daktari. Akaniambia ndugu ameshaamua.

"Ndugu si mgonjwa," nikamjibu. "Huyu ni mtu mzima, na sheria ya nchi hii inampa neno lake. Muulize, halafu subiri."

Akamwuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili. Akaichana fomu. Jioni ile ile Marleny aliwekewa mashine.

Amparo nilimkuta kwenye benchi la ukumbini. "Nilipougua homa ya dengi nilikuja hapa kwa basi, peke yangu," akasema. "Nilitaka mama aniangalie mimi, Bibi Otilia. Siku moja tu." Nilikaa naye.

Baada ya wiki tatu Marleny alirudi nyumbani. Amparo alimweleza mwenyewe alichofanya, akamwomba msamaha. Marleny akautazama mlango. Ilichukua miezi kabla hajatazama juu, na hakuna aliyemharakisha. Hilo nalo lilikuwa neno lake. Siku hizi Jumanne na Ijumaa tunamwogesha sisi majirani, yeye akichagua nani, na Amparo anakwenda atakako.

Mafunzo

Uhai wa mtu mwenye ulemavu ni wake. Tusimwonee huruma mpaka tukamwamulia afe. Aulizwe kwa njia anayoijua, na asubiriwe ajibu. Amparo alifanya kosa kubwa, lakini foleni ile tuliipanga sisi. Basi mkiingia nyumba yenye mtu anayetunzwa, msalimuni pia anayemtunza, mumwulize amelalaje, na mkae mpaka amalize kujibu.