Anayeitika Jikoni kwa Bibi Sikitu

Klementina, jirani yetu hapa Morogoro, si mtu wa kuona majini kwenye kila kichaka. Ni mwalimu wa hesabu, na wenye hirizi huwacheka mbele ya macho yao. Lakini hili alilisimulia huku analia.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mpunga umeshaingia ndani, alishuka kwenye bajaji pale kwao Lipangalala na mkate, sukari na khanga mpya. Mama yake, Bibi Sikitu, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, vidole vikitoa chuya bila kukosea. Vidole vilikumbuka kila kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesahau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa kwa nani?"

Mwaka wa pili huo anaulizwa vile, na bado iliuma kama siku ya kwanza. Hakutaka makubwa. Alitaka mama amwite kwa jina lake, hata mara moja, kabla kifo hakijawatenganisha.

Kaka yake Barnaba, anayeishi na mama, alimvuta pembeni. "Siku hizi mama anamwita Konsolata. Akiita, usiitike. Unajua mwenyewe."

Klementina alijua. Konsolata alikuwa dada yao mkubwa, aliyezama mtumbwi ulipopinduka kwenye Mto Kilombero, na mwili haukuonekana. Kwao jina la marehemu haliitikiwi mpaka wazee wakae, wachote unga na maji, wamkabidhi mtu jina hilo mbele ya ukoo. Anayeitika kabla ya hapo, husema wazee, huliacha la kwake bila mwenyewe. Konsolata aliombewa misa, basi. Jina lake halikupewa mtu.

Barnaba akapanda baiskeli kwenda mashineni kusaga. Wakabaki wawili, jua bado kali uani.

"Konsolata!" mama akaita.

Klementina akanyamaza.

"Konsolata! Mwanangu, nimekukosea nini?" Ungo ukamponyoka bibi wa watu, mchele ukamwagika, na machozi yakaanza kumtiririka. "Mbona unanisusa?"

Nani angevumilia? Mwalimu wa hesabu alishindwa.

"Abee, mama."

Uso wa mama ukafunguka. Akamshika mashavu, akamnusa kichwani, akasema, "Umechelewa sana mtoni." Klementina akalia kwa furaha na kwa wivu kwa pamoja. Kupendwa alipendwa, ila kwa jina la mwingine.

Kisha kuku wakanyamaza uani.

Mama akageukia jiko la nje, akaita kwa sauti ya kila siku, "Klementina!"

Hatimaye. Klementina akafungua kinywa aitike. Hakuwahi.

"Abee, mama," ikatoka jikoni.

Ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, na ule mkwaruzo wake wa chaki.

"Mletee dada yako maji," mama akasema. Halafu akamwinamia Klementina, akanong'ona, "Mdogo wako huyo. Kila siku yuko hapa. Hajawahi kuniacha."

Klementina akainuka. Akasukuma mlango wa jiko.

Hapakuwa na mtu. Majivu yalikuwa baridi. Lakini kata ilikuwa inaelea kwenye ndoo, inazunguka taratibu.

Akarudi mbio, akapiga magoti. "Mama, niangalie. Mimi ndiye Klementina."

Mama akamtazama kwa huruma, huruma ile ya kumpa mgonjwa habari mbaya.

"Hapana, Konsolata. Wewe ulizama, mwanangu. Nashukuru tu umekuja kuniona."

Barnaba aliporudi na unga alimkuta dada yake amekaa kwenye mchele uliomwagika, akilia kama mtoto. Alimtazama tu, akajua ameitika.

Jumatatu Klementina alikuwa Morogoro. Jioni Barnaba akampigia simu.

"Umerudi huku bila kuniambia?"

"Nani? Mimi niko nyumbani."

Barnaba akasema polepole, "Mama kasukwa. Mtindo wa twende kilioni, kichwa kizima. Mimi sijui kusuka, Klementina. Na mlango niliufunga mwenyewe."

"Mpe simu mama."

Akasikia simu ikikabidhiwa, na pumzi ya mama ikamjaa sikioni. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Klementina."

Mama aliisogeza simu pembeni, akaita kuelekea jikoni, kwa upole ambao binti yake aliungoja miaka miwili.

"Klementina, mwanangu, hebu njoo. Kuna mtu anatumia jina lako."

Klementina akasikia simu ikitoka mkononi mwa mama kwenda mkono mwingine. Barnaba anaapa hakuigusa.