Tangi la Stesheni ya Mulgarra

Jumatatu asubuhi tangi la maji la stesheni ya treni ya Mulgarra lilikutwa tupu. Jumamosi lilikuwa limejaa pomoni, na mji mzima ulinywa humo, maana mvua ilikuwa imewasahau tangu mwaka juzi.

Konstebo Wal Tranter alilizunguka akikuna kichwa. Kufuli zima, ardhi kavu, hakuna hata alama ya gari. Maji yamepaa?

"Kamuulize Dulcie wa baa," watu walimwambia. "Maua yake mbona yamestawi?"

Dulcie alimcheka. "Nusa mwenyewe, kaka. Hayo ni maji ya kuoshea vyombo."

Wal aliinama, akanusa. Sabuni na mafuta ya kondoo. Akaondoka kichwa kikimzunguka zaidi kuliko alivyokuja.

Alhamisi, siku ambayo treni ya kuleta maji ilitarajiwa, alirudi stesheni. Mzee Mervyn Quilty, mkuu wa stesheni, alikuwa akimketisha mkewe kwenye benchi. Edna alikuwa amezoea kwenda hospitali kwa treni kila wiki, lakini safari zilikuwa zimefutwa kwa kukosa abiria.

"Leo ana bahati, atapanda hii," Mervyn alisema. "Na wiki ijayo vilevile, tangi likiwa bado kavu."

Wal aligeukia kelele za ndege. Kule kwenye reli ya zamani, kasuku walikuwa wamejazana wakipigana. Hawa ndege hawagombanii vumbi. Akaenda. Chini ya bomba lililokuwa likinywesha magarimoshi ya mvuke, udongo ulikuwa tope.

Akarudi mbio. "Mzee, bomba lile bado linatoka kwenye tangi?"

"Linatoka."

"Na anayejua kulifungua ni nani?"

Mervyn alitazama chini. "Nimebaki mimi. Tangi likijaa, treni haiji. Isipokuja, Edna anakufa. Ungekuwa wewe ungefanyaje, Wal?"

"Watoto wanalia kiu, mzee!" Wal alikuwa na hasira na huruma, hakujua afuate ipi.

Honi ikalia. Watu wakaja mbio na ndoo zao. Wal alimwacha mzee apunge bendera, asimamishe treni na kumpandisha mkewe. Kisha akamshika mzee mkono ampeleke kituo cha polisi.

Edna akachungulia dirishani.

"Mervyn," aliita, "nikirudi atanipokea nani?"