Kilomita Mia Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, mvua ya mji wa Keelung ikimwagika kama kawaida yake, pikipiki zaidi ya sitini zilibanana kwenye taa zikisubiri kijani. Wanju alikuwa mstari wa mbele, koti la mvua la manjano hadi magotini, viatu vyake vyeupe vya kazini kavifunika kwa mifuko ya nailoni. Taa ikawaka. Akaondoka kwa pupa, tairi la nyuma likakanyaga mstari mweupe wa kivuko, likateleza! Akayumba, akaponea ukingoni mwa barabara, roho mkononi.

"Dada! Tairi lako lina kipara kumshinda babu yangu!"

Mwenye sauti alisimama mlangoni mwa karakana ya pikipiki, ovaroli ya bluu, mikono myeusi kwa grisi, anacheka. Kicheko chenyewe kizuri! Wanju alitaka kukasirika, akashindwa.

"Na wewe umekaa hapo kungoja watu waanguke?"

"Nimekaa kuuza matairi. Ingiza pikipiki, usije ukafa bado sijakujua jina."

Yeye aliitwa Poyen, na karakana ilikuwa ya mama yake. Wanju aliangaza macho ukutani, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye tairi lenye mstari mwekundu ubavuni.

"Nataka lile."

"Lile la mbio za juani, raba laini, mifereji michache. Kazini ni wapi?"

"Taipei, duka la miwani. Kilomita ishirini kwenda, ishirini kurudi, mvua au jua."

"Jua lipi, hapa kwetu? Muuza miwani mzima na huoni!" Akashusha tairi jingine, jeusi tii. "Tazama mifereji hii. Maji yanakimbilia pembeni, tairi linabaki limeshika lami."

"Mbona halina sura?"

"Hata mimi huambiwa hivyo mwanzoni."

Wanju akacheka, na kwa kicheko hicho akawa amekwisha. Yakafungwa mawili, mbele na nyuma. Poyen akabandika kikaratasi chini ya dashibodi, kama mafundi wote wa huko, akaandika kilomita za siku hiyo: 18,240.

"Sikiliza. Tairi jipya linateleza. Mpaka umalize kilomita mia mbili, kona taratibu, breki taratibu. Nitakupigia kila jioni nijue umefika ngapi."

"Wateja wote unawapigia?"

"Wote," akasema, masikio yamemwiva.

Jioni ya kwanza waliongea dakika tatu. Ya pili, dakika ishirini. Ya tatu chapati ya yai ikapoa mezani, na Wanju akaitwa mrembo. Jioni ya nne akatazama dashibodi, akatoa zile za kikaratasi, moyo ukampasuka: mia moja na sitini! Kesho mia mbili, na simu basi!

"Umefika ngapi, mrembo?"

"Mia moja... ishirini na tano."

"Tu?"

"Tu."

Jamani, mapenzi! Msichana mkweli, mpima macho ya watu, akageuka mwongo kwa kilomita. Kila jioni akaongeza mbili, tatu, huku pikipiki inakata arobaini zake. Siku ya kumi na nne akatamka, "Mia moja hamsini." 

"Sawa, dada," Poyen akasema, akakata.

Dada! Jana tu alikuwa mrembo. Kesho yake simu haikulia, wala kesho kutwa. Wanju akamvisha mzee wa watu miwani ya mkewe, akasonywa. Siku ya nne uvumilivu ukamwishia. Alipotoka kazini akapaka rangi ya mdomo, akaenda mpaka karakana. Mama yake Poyen alikuwa kwenye kiti chake, anatafuna mbegu za alizeti.

"Nimekuja kubadilisha tairi la mbele," Wanju akasema.

"Tairi la kilomita mia moja hamsini?" Poyen hakuinua uso. "Kwani mwenye gari lake leo hakukuleta?"

"Mwenye gari nani?"

"Anayekupeleka kazini! Mimi ni fundi, Wanju. Mtu wa Taipei kila siku, siku kumi anatembea kilomita ishirini na tano? Pikipiki imelala nyumbani, wewe uko kwenye gari la mtu."

Njia ya mwongo ni fupi. Wanju akamshika mkono, grisi na yote, akamvuta mpaka kwenye pikipiki, akafuta maji kwenye dashibodi.

"Soma!"

Poyen akasoma. Akatazama kikaratasi. Midomo ikapiga hesabu.

"Mia saba na ishirini..."

"Zote kwenye mvua! Nilikudanganya, ndiyo. Ukisikia mia mbili ungeacha kunipigia, na mimi sitaki uache. Nakupenda, mjinga wewe!"

"Alaa, kumbe ndiye huyu!" Mama akatema ganda la alizeti. "Siku nne mwanangu hali chakula, jana kafunga tairi kinyume cha mshale wa mwelekeo! Na hizo simu, binti, usidanganyike. Tangu azaliwe hajampigia mteja mwingine hata mmoja. Namwambia awapigie, anaona haya."

Poyen aliwaka mpaka shingoni. Akainama, akabandua kikaratasi cha zamani.

"Kwa safari zako, matairi haya yataisha baada ya mwaka," akasema polepole. "Yakiisha, Wanju, sitaki kumbadilishia mteja. Nataka kumbadilishia mke wangu."

"Na mpaka hapo utanipigia?"

"Kila jioni, mpenzi."

"Mpaka kilomita ngapi?"

Poyen akabandika kikaratasi kipya. Hakuandika namba yoyote. Wanju alikitazama kile kitupu, machozi na mvua havijulikani, akasema, "Nakubali."