Kiti cha Mwenye Mgongo

Hebu niambie: ukienda kununua viatu, huwa unavijaribu kwa mguu wa nani? Kwa mguu wako, au unamwita jirani avivae, azunguke navyo dukani, kisha akuambie, "Viko sawa kabisa, lipa twende"? Unacheka. Haya, cheka. Lakini wako watu wazima, wenye akili zao na mvi zao, waliofanya hivyo hivyo kwa gari, na msichana wa miaka kumi na miwili akawashangilia.

Msichana huyo aliitwa Kidomo, na jina hilo hakuliokota njiani. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu. Mtu akipita na kofia mpya, Kidomo ameshaipa jina. Mwalimu akija na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, Kidomo atawachekesha wenzake mpaka kengele ya pili.

Asubuhi, hata hivyo, alikuwa na kazi moja aliyoifanya bila maneno. Alipiga magoti chumbani kwa Mama na kumfunga kamba za viatu. Mama alikuwa akiinuka kwa awamu tatu: kwanza aligeuka ubavu, kisha alishusha miguu, kisha alijisukuma kwa mikono miwili huku ameuma mdomo wa chini. Kuinama kulishamshinda.

Mama alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Kila zahanati kandokando ya barabara moja ndefu ilikuwa na jokofu lake, na kila jokofu lilikuwa na ugonjwa wake. Mama ndiye aliyeyatibu, akiwa na sanduku la vifaa na kipimajoto alichokiviringisha kwa kitambaa kama yai. Zahanati ya mwisho ilikuwa kilomita mia na ishirini kutoka nyumbani. Kwa miaka tisa alikwenda na kurudi kwa gari kuukuu ambalo kiti chake kilikuwa kimebonyea katikati kama sahani, mpaka injini ikafa, na mgongo wake nao ukawa karibu kuifuata.

Daktari wa mifupa hakumung'unya maneno. "Tafuta kiti kinachokushika mgongo, au tafuta kazi nyingine."

Kazi nyingine haikuwapo, na Mama hakuitaka. Akiba yake ilitosha kununua gari moja lililotumika. Akikosea, hakukuwa na la pili. Tena ofisi ilimpa kuponi ya lita ishirini za mafuta kwa kila safari, si tone zaidi.

Jumamosi wakaenda kwenye yadi ya magari, yeye, Kidomo na Mjomba. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama, muuza magodoro. Ndiye aliyemsomesha Mama baada ya wazazi wao kufariki, kwa hiyo Mama hakuwa na mazoea ya kumpinga. Na Mjomba alijua kila kitu. Alijua mvua itanyesha lini, na isiponyesha, alijua kosa ni la nani.

"Gari ni heshima," alitangaza kabla hata hajavuka geti. "Watu huliona gari kabla hawajakuona wewe."

Muuzaji aliwapokea akiwa na kitambaa kimoja, alichofutia vioo na paji la uso wake mwenyewe. Magari ya bei yao yalikuwa mawili tu. Moja lilikuwa jeusi, refu, pana, lenye mataa makubwa kama macho ya bundi. La pili lilikuwa dogo, la kijivu, la chini, lenye buti nyuma na mlango mmoja uliobonyea kidogo.

"Hili ni nini?" Mjomba aliuliza, akiligusa tairi la lile dogo kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayemgeuza panya aliyekufa.

"Gari, mzee. Halina mbwembwe, lakini mafuta halinywi. Mwenyewe alikuwa mkaguzi wa shule, alisafiri nalo mbali kila wiki."

"Nimeuliza ni nini. Sikuuliza halinywi nini."

Kidomo hakuweza kujizuia. "Mjomba, hicho ni kisanduku cha sabuni! Sabuni imekwisha, wakaweka usukani."

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, na Kidomo akavimba kichwa. Kisha Mjomba akapanda lile jeusi. Akajitupa kitini, akarukaruka, akapiga honi, akageuza kioo cha nyuma ili ajitazame masharubu.

"Lo! Kiti ndicho hiki, raha mustarehe!" aliita kutoka huko juu. "Mdogo wangu, hapa mgongo wako utapona! Na kwenye barabara kuu halinywi mafuta!"

Mwenye mgongo alikuwa amesimama chini, kwenye vumbi, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Mjomba na muuzaji walipokwenda kuinamia injini, Mama alifungua mlango wa lile la kijivu, akaketi. Alisogeza kiti mbele, akainua egemeo, akaweka mikono kwenye usukani. Kidomo alikuwa akimtazama. Aliona mabega ya Mama yakishuka polepole. Aliona uso ukilegea, macho yakifumba. Uso huo hakuwa ameuona tangu mwaka jana.

"Kidomo," Mama alisema kwa sauti ya chini, "wewe unalionaje hili?"

Kidomo aliona alichokiona. Lakini aliona pia geti la shule, na binti wa mkandarasi akishuka kwenye gari lao refu, na yeye mwenyewe akichomoza kwenye kisanduku cha sabuni.

"Litatuaibisha, Mama."

Mama alimtazama kidogo. "Haya," akasema, akashuka kwa zile awamu zake tatu.

"Umeingia humo kufanya nini?" Mjomba aliuliza.

"Nimepumzika tu, Kaka."

Mjomba akakubaliana na muuzaji, rafiki yake wa siku nyingi, kwamba Jumatano Mama atalijaribu lile jeusi kwa safari ya kazi. Yeye angeacha gari lake la kubebea magodoro kama rehani.

Jumatano alfajiri simu ililia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mwisho. Jokofu lake halikuwa likipoa, na chanjo zote alikuwa amezihamishia kwenye kisanduku cha barafu.

"Nakuja," Mama alisema.

Shule zilikuwa zimefungwa, basi Kidomo akaruhusiwa kwenda naye. Muuzaji aliwakabidhi gari likiwa na tangi kavu, kama ilivyo desturi ya wauzaji. Mama alitia lita zake ishirini, kisha akabandika kipande cha utepe kwenye kioo cha dashibodi, pale pale uliposimama mshale wa mafuta. Ndivyo alivyofanya kwenye majokofu: hakuamini mashine mpaka aiwekee alama.

Kidomo aliketi juu kama malkia, akiwapungia watu waliokuwa wakienda zao. Baada ya kilomita ishirini Mama alisimamisha gari, akashuka akishikilia mlango, akajinyoosha. Kiti kile kilikuwa kipana na bapa, kimewatosha watu wa umbo la Mjomba. Ili afikishe miguu kwenye breki, ilimbidi Mama akae ukingoni, mgongo ukining'inia bila kitu cha kuuegemeza. Akasimamisha tena. Na tena. Aliposimamisha mara ya nne, Kidomo alikuwa ameacha kupunga mkono.

Walipofika njia panda, kilomita ya sitini, Mama aliegesha kando na kuutazama ule utepe. Mshale ulikuwa umeshuka nusu ya safari yake ya kuelekea chini.

"Lita kumi zimekwisha," alisema, "na tumefika nusu ya kwenda. Tukifika kule, tutarudi tukilisukuma."

"Lakini Mjomba alisema kwenye barabara kuu halinywi!"

"Mjomba hayupo hapa."

Mama akampigia muuguzi. Sauti ya muuguzi ilijaa gari zima.

"Ati njia panda? Kuna mtu wa pikipiki amepita hapa, akasema amekuona ndani ya jumba jeusi linalotembea. Nikawaambia wagonjwa, leo fundi wetu anakuja kama waziri! Kumbe jumba limechoka? Fundi, ulikuwa ukija na kile kigari chako, mlango umefungwa kwa kamba, na unafika. Leo umekuja na heshima, hufiki. Hiyo heshima tuibandike kwenye chanjo, zipoe?"

"Nipe siku mbili, dada yangu."

"Barafu itashika mpaka Ijumaa mchana. Baada ya hapo namwaga. Na watoto wa watu nitawaambia gari la fundi lilikuwa zuri sana."

Simu ikakatwa. Kidomo, aliyezoea kudhihaki, hakuwahi kujua dhihaka ina ladha gani ukiinywea upande wa pili. Alitazama miguu yake. Alimtazama Mama, aliyekuwa ameegemea boneti kwa mikono miwili, akipumua kwa shida.

"Mama," alisema, "Jumamosi niliona."

"Uliona nini?"

"Ulipokaa kwenye lile dogo. Mabega yako yalishuka. Ukafumba macho. Niliona kabisa kwamba limekufaa, halafu nikasema litatuaibisha. Nilikuwa nafikiria geti la shule."

Mama hakugomba. "Wewe ulificha ulichokiona," alisema, "na mimi nilificha langu. Ila mimi ni mkubwa, kwa hiyo aibu yangu ni kubwa zaidi. Panda, turudi."

Alhamisi hawakwenda yadi peke yao. Walimchukua Bi Spana, fundi wa magari wa mtaani kwao, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyeusi kwa oili na maneno machache. Alitandika gunia, akaingia chini ya lile la kijivu, akakaa huko muda mrefu. Kisha akaliwasha, akalisikiliza, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa.

"Shokapu moja imekufa," alisema. "Breki za nyuma zimelika. Kutu kidogo chini ya buti. Hayo muuzaji atayatengeneza kabla ya kesho asubuhi, sivyo?"

Muuzaji alimeza mate. "Ndiyo, Bi Spana."

"Injini ni safi. Aliyekuwa nalo alilitunza."

"Injini safi, na sura je?" Mjomba alidakia. "Mdogo wangu ni fundi mkubwa, watu watadhani anauza mayai!"

Bi Spana alimtazama kama anavyotazama boliti iliyoota kutu. "Wewe si unauza magodoro?"

"Mwaka wa ishirini huu."

"Mteja akija, unafanyaje?"

"Namwambia avue viatu, alale. Godoro halinunuliwi kwa macho!"

"Analala nani?"

"Mteja! Nani mwingine? Nilale mimi, kwani mgongo ni wa…"

Muuzaji akajifanya anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Endelea, bwana," Bi Spana alimwambia. "Mgongo ni wa nani?"

Mjomba akaligeukia lile gari la kijivu, akalitazama upya. Bi Spana akamgeukia Mama. "Ingia, ukae saa nzima. Dakika mbili si kitu, hata jiwe utalikalia kwa dakika mbili." Mama akaingia, akakaa saa nzima pale uani, akisoma karatasi zake za kazi, Kidomo pembeni yake. Bi Spana akaegemea dirisha, na Kidomo akamsimulia yote, hata habari ya geti la shule na kamba za viatu.

Ijumaa wakaondoka mapema na lile la kijivu, nalo kwa majaribio. Lita ishirini, utepe kwenye kioo. Mama alisimama mara moja tu, tena kwa ajili ya Kidomo, aliyekuwa amekunywa maji mengi. Saa nne wakawa zahanati ya mwisho. Mama alifungua mgongo wa jokofu, akaikuta feni imezibwa na vumbi na mpira wa mlango umepasuka. Akasafisha, akabadilisha, akaweka kipimajoto ndani, akasubiri. Mshale wa kipimajoto uliposhuka mahali pake, muuguzi alizirudisha chanjo moja moja, akizihesabu kwa midomo.

"Na hiki kigari mmekiokota wapi?" aliuliza akichungulia dirishani.

"Ni kisanduku cha sabuni," Kidomo akajibu. "Nilikipa jina hilo mimi. Lakini kimefika."

"Kimefika," muuguzi alikubali, na safari hii hakuongeza la kuuma.

Walirudi yadi jua likiwa bado juu. Mshale wa mafuta ulikuwa haujagusa chini. Mjomba alikuwa pale pamoja na muuzaji na Bi Spana, wamepanga mstari kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mama akafungua mlango. Kidomo, kwa mazoea, akaanza kuhesabu awamu zake kimoyomoyo. Moja… akasubiri ya pili. Mama alikuwa ameshasimama. Kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka; akaweka mguu kwenye kizingiti cha mlango, akainama, akaifunga mwenyewe.

Kidomo, aliyekuwa ameshaanza kupiga magoti, akasimama. Bi Spana alimwona, akamshika bega kwa mkono wake wa oili.

"Mwanangu, una macho mazuri, yanaona. Basi usiyazuie kutoa ushahidi kwa kuogopa kuchekwa. Wanaocheka pale getini hawaji asubuhi kumfunga mama yako viatu. Na huo mdomo, kama unaweza kulipa gari jina, unaweza pia kusema kweli. Kitu chema ni kile kinachomfaa mwenye kukitumia. Hao wanaotazama wana vyao."

"Nimesikia, Bi Spana."

Mjomba alikohoa. Alilizunguka lile gari dogo mara moja, akasimama mbele ya ndugu yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya geti wala ya honi, "nimezungumza wiki nzima, na sikukuuliza hata mara moja. Wewe ulitaka lipi?"

Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya paa la lile la kijivu, lililokuwa bado na joto la barabara.

"Nilitaka hili, Kaka. Tangu Jumamosi."